Bakteria wa Kupe na Papasi: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Haya yanawahusu wenzangu wa maabara, matabibu wa zahanati na maofisa mifugo. Sina muda wa kubembeleza.

Mgonjwa wa homa anaingia, anachomwa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kinatoa mstari mmoja, na hapo kazi inaishia. Anaandikiwa dawa mseto hivyo hivyo, au anaambiwa ana taifodi, kisha anarudi kulala kwenye kitanda kilekile kilichoegemea ukuta wenye papasi. Kipimo hakikukosea. Kiliulizwa habari ya malaria, kikajibu habari ya malaria. Aliyekosea ni aliyeridhika.

Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kati ya waliopimwa rickettsia, bakteria wanaoletwa na kupe, karibu 8 katika kila 100 walikuwa nao, na hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Wewe watafute.

KABLA YA KUTOA DAMU

Fanya

Muulize mgonjwa analala wapi. Kijiji chake utakisoma kwenye kadi. Unachotaka ni chumba na kitanda. Papasi hakai mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anajificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye vumbi la sakafu na kwenye maungio ya kitanda. Usiku anatoka, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi. Mgonjwa hatakwambia ameumwa na papasi kwa sababu alikuwa usingizini. Muulize kama nyumba ni ya tembe, kama sakafu ni ya udongo, kama amelala ugenini wiki mbili zilizopita. Wenyeji waliozaliwa humo mara nyingi huumwa kidogo tu. Wanaoangushwa ni mgeni, mtoto mdogo na mjamzito.

Uliza kama homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Homa ya papasi hupanda siku kama tatu, ikaacha jasho na uchovu, ikapotea kwa wiki au zaidi, kisha ikaanza upya. Bakteria wake, spiroketi aitwaye Borrelia duttonii, hubadilisha vazi lake la nje kila kinga ya mwili inapolizoea. Mtoto mmoja alipewa dawa mseto mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara "alipona". Hakupona. Homa ilikuwa imepumzika.

Mtazame mwili mzima. Kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti, chini ya nywele. Unatafuta kidonda kidogo chenye kigaga cheusi na wekundu pembeni, na tezi iliyovimba karibu yake. Hiyo ni alama ya rickettsia. Rickettsia africae mara nyingi huacha vigaga zaidi ya kimoja, maana kupe anayembeba, wa jamii ya Amblyomma, hamsubiri mtu kwenye jani. Humfuata, na huweza kuja kundi. Mwongoza watalii mmoja alitibiwa jipu la mguu wiki nzima. Jipu lilikuwa kigaga, na vingine viwili vilikuwa ndani ya soksi. Hakuna aliyemwambia avue.

Usifanye

Usimwambie arudi kesho. Spiroketi wa papasi huonekana kwenye damu homa ikiwa juu. Kesho homa ikishuka yenyewe, watakuwa wachache kiasi kwamba hadubini haiwaoni, na wewe utaandika hasi kwa moyo mweupe. Anayetetemeka kwenye benchi apite mbele ya foleni. Watakaonung'unika waeleze sababu.

Usianze dawa kabla ya damu. Dozi ya kwanza ya doksisaiklini hufagia spiroketi ndani ya saa chache. Ukishampa, usitegemee slaidi.

Usigeuze agizo hilo kuwa sababu ya kuchelewesha tiba. Damu inatolewa kwa dakika mbili. Toa, kisha dawa papo hapo. Mwenye kigaga na homa asisubiri majibu ya maabara ya mkoa. Yatakuja wakati amepona au amezikwa.

KWENYE SLAIDI

Hapa ndipo penye uzembe mwingi, na hapa ndipo pana faida kubwa kwa gharama ndogo. Nitakaa kidogo.

Mwaka 1904 watafiti Ross na Milne kule Uganda waliona spiroketi kwenye damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Mwaka 1905 Dutton na Todd walithibitisha jambo hilohilo Kongo, na Dutton akafa na homa hiyohiyo. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa huku kwetu enzi za Wajerumani, aliwakuta spiroketi ndani ya mayai ya papasi. Walikuwa na hadubini, rangi na slaidi. Basi usinieleze kwamba zahanati yako haina mashine.

Fanya

Paka tone nene na tone jembamba. Jembamba lipitishe kwenye methanoli. Nene usiliguse na methanoli, kwa sababu litakataa kutoa wekundu wake na utakuwa unasoma ukuta. Tone nene ndilo linalokusanya damu nyingi mahali padogo. Jembamba ni la kuthibitisha umbo.

Tumia maji ya pH 7.2 kwa rangi ya Giemsa. Maji ya bomba ya kila mahali si sawa. Yakiwa na tindikali, slaidi inakuwa ya waridi na spiroketi anafifia. Rangi ya asilimia 10, dakika 10 hadi 15. Ichuje kwanza. Isiyochujwa inaacha chembechembe ambazo mwanafunzi wako ataziita vimelea.

Soma fildi 200 kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuandika hasi. Mia mbili. Ukiona inachosha, mwite mwenzako amalizie.

Tafuta uzi. Spiroketi ni uzi mwembamba wa zambarau wenye mawimbi, mrefu mara mbili hadi nne ya upana wa chembe nyekundu, amelala nje ya chembe. Jicho lililofundishwa miaka yote kutafuta pete ndani ya chembe nyekundu hupita juu ya uzi huo bila kusimama. Nimewaona mafundi wazuri, wenye vyeti vya kusoma malaria, wakiupita. Kila mwezi chukua slaidi chanya ya zamani, waonyeshe.

Kama rangi imekwisha, usifunge maabara. Weka tone la damu mbichi kwenye slaidi, lifunike kwa kifuniko cha kioo, punguza mwanga, tumia lenzi ya 40, kisha tulia. Spiroketi mwenyewe huenda usimwone mara moja. Utaona chembe nyekundu moja inashtuka, inasukumwa pembeni, jirani yake inafuata, na hakuna mkondo wa maji unaozipeleka. Kazia macho hapohapo. Anayezisukuma atajitokeza anajikunja na kujikunjua. Ukishamwona mara moja humsahau.

Usifanye

Usiite kila uzi spiroketi. Nyuzi za damu iliyoganda, unyoya wa pamba, mkwaruzo wa kioo, vyote ni virefu na vyembamba. Spiroketi ana mawimbi yanayolingana na unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkwaruzo hauna mawimbi. Uzi wa damu iliyoganda hutanuka hapa, ukasinyaa pale.

Usirudie slaidi zilizooshwa. Najua bajeti. Slaidi yenye masalia ya mgonjwa wa juzi ni mgonjwa wa juzi.

Usiache slaidi wazi mezani usiku. Mende na inzi hula damu ya tone nene. Asubuhi utakuta matundu, na hutajua nani alikuwa na nini.

Usiandike "hakuna vimelea vya malaria" ukaishia hapo ilhali umeona nyuzi. Wapo wanaofanya hivyo. Fomu iliomba malaria, nao wamejibu malaria. Fomu haijui kusoma, wewe unajua. Andika ulichokiona.

Usiache kutafuta kwa sababu malaria imetoka chanya. Mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu na papasi usiku mmoja. Akimaliza dawa mseto na homa ikarudi, usimwambie mama yake kwamba hakuzinywa vizuri. Paka slaidi nyingine.

KUPE MWENYEWE

Fanya

Mtoe kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta taratibu na moja kwa moja.

Mtie kwenye alkoholi ya asilimia 70 au zaidi ikiwa anakwenda kupimwa vinasaba. Andika kwa penseli, kwenye kipande cha karatasi kinachoingia ndani ya chupa pamoja naye. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi. Kuna maabara moja ilipokea sanduku zima la chupa zenye kupe, na karatasi zote zilikuwa na madoa ya buluu yasiyosomeka. Kazi ya msimu mzima ikamwagwa.

Andika alitoka kwa nani, wapi, tarehe gani. "Kupe, Dodoma" si maelezo.

Papasi wa nyumbani mfukue pale anapolala: nyufa za ukuta karibu na kichwa cha kitanda, vumbi chini ya jiko, mikeka. Chekecha vumbi. Vaa glavu. Na usidhani nyumba iliyohamwa ni salama, kwa sababu papasi huweza kukaa miaka bila kula, na mama humrithisha mtoto bakteria kupitia yai, kama Koch alivyokuta.

Usifanye

Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa, usimpake mafuta ya kupikia. Unampotezea mgonjwa muda, pengine unamuunguza, na kupe bado ameng'ang'ania.

Usimpasue kwa kucha. Najua wafugaji wanafanya, na nimeona wataalamu wakifanya ili wamwonyeshe mwanafunzi "alivyoshiba". Majimaji yake yana kila alichobeba, na kidole chako kina mchubuko usioujua.

Usimtie kwenye fomalini kama unataka vinasaba. Umbo litabaki, vinasaba vitaharibika.

Usimpime kupe ili ujue mtu anaumwa nini. Hili linanichosha kuliko mengine. Kupe akiwa na rickettsia haina maana kwamba amemwambukiza aliyemuuma. Akikutwa safi haina maana kwamba hakuna kupe mwingine aliyemuuma, akaanguka, akaondoka. Upimaji wa kupe unakuambia kuna nini porini, zizini na nyumbani. Habari za mgonjwa ziko ndani ya mgonjwa.

Usisage kupe ishirini pamoja kisha ukatangaza "kupe wetu wana rickettsia". Umejua kwamba angalau mmoja anayo. Ishirini wote? Hujui.

MASHINE NA KINGAMWILI

Fanya

Kwa PCR, tumia chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA. Heparini huzuia kipimo chenyewe.

Kama kuna kigaga, kipeleke. Rickettsia huishi ndani ya seli za kuta za mishipa midogo. Kwenye damu inayozunguka ni wachache. Kipande cha kigaga, au kijiti cha pamba kilichosuguliwa chini yake, kinatoa jibu mara nyingi zaidi kuliko damu.

Tenga chumba cha kuchanganya dawa za kipimo na chumba cha kufungua vichupa vilivyokwisha kuzalisha vinasaba. Weka kichupa cha maji matupu kila mzunguko. Maji yakitoka chanya, mzunguko wote ni takataka, hata kama mkubwa wako alikuwa anasubiri takwimu.

Kwa kingamwili, chukua damu mara mbili: leo, na tena baada ya wiki mbili hadi nne. Kiwango kikipanda mara nne au zaidi, una jambo la kusema. Mgonjwa wa Rickettsia africae hasa huchelewa kutengeneza kingamwili, kwa hiyo hasi ya wiki ya kwanza haina thamani.

Usifanye

Usitoe hukumu kwa sampuli moja ya kingamwili. Inaweza kuwa ya homa ya miaka iliyopita. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu utoto amekutana na kupe wengi.

Usitumie Widali kama kikapu cha kila homa isiyo malaria. Mnajua wenyewe inavyotumika. Mgonjwa wa papasi anaandikiwa taifodi, anapewa siprofloksasini, homa inashuka kwa ratiba yake, daktari anasifiwa, na wiki inayofuata mgonjwa yuko mlangoni.

Usiamini kila "Coxiella" iliyotoka kwenye kupe. Kupe wana bakteria wao wa ndani, wanaoishi nao bila kumdhuru mtu, na baadhi ni jamaa wa karibu wa Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q. Kipimo kinachosoma kipande cha 16S peke yake huwachanganya. Rudia kwa jeni nyingine, soma mpangilio wake, ndipo utangaze.

Usijaribu kuotesha Coxiella au rickettsia kwenye benchi la kawaida. Rickettsia hawataota kwenye chupa ya damu, wanahitaji seli hai. Na Coxiella huambukiza kwa hewa, kwa idadi ndogo mno. Kazi hiyo ina maabara zake zenye ulinzi wa daraja la tatu.

Usimpime mtu wa Kongwa ugonjwa wa Lyme kwa sababu amesoma habari zake kwenye simu. Lyme ina kupe wake, wa Ulaya, Asia na Marekani ya Kaskazini. Ubaya ni kwamba Borrelia wa papasi ni binamu, na kingamwili zake zinaweza kuwasha kipimo cha Lyme. Utamkabidhi mgonjwa karatasi ya ugonjwa asio nao kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Kama amesafiri huko, sawa, uliza tarehe na mahali.

ZIZINI

Fanya

Tofautisha ndigana. Ndigana baridi ni bakteria, Anaplasma marginale. Ndigana kali si bakteria, ni Theileria parva, kimelea cha jamii ya protozoa, na oksitetrasaiklini peke yake haitakuokolea ndama huyo. Kwa ndigana baridi paka damu. Tafuta nukta nyeusi iliyobanwa pembeni mwa chembe nyekundu. Kwa ndigana kali choma tezi iliyovimba, paka majimaji yake.

Kwa maji moyo, ugonjwa unaojaza maji kwenye mfuko wa moyo, usipoteze slaidi kwa damu. Ehrlichia ruminantium hukaa kwenye kuta za mishipa ya ubongo. Mnyama akishakufa, toa kipande kidogo cha ubongo kupitia tundu la nyuma ya fuvu, kisage kati ya slaidi mbili, kisambaze, rangi ya Giemsa. Utaona vishada vya buluu-zambarau karibu na kiini cha seli ya mshipa.

Vaa glavu mbili na miwani kabla ya kugusa ubongo huo. Mnyama aliyekuwa anatembea akizunguka, akitafuna hewa, akianguka, anaweza kuwa na maji moyo. Anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Hujui mpaka umepima, na wakati huo mkono wako umekwisha kuingia.

Usifanye

Usipasue mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu nyeusi puani na nyuma. Huyo ni wa kimeta mpaka ithibitishwe vingine. Damu kidogo ya sikio inatosha kwa slaidi. Na mwambie mzee mwenye mifugo kwa sauti kubwa, mbele ya majirani, kwamba nyama hiyo hailiwi. Ukisema polepole, jioni itakuwa sufuriani.

Usichukue sampuli bila kuuliza amechomwa sindano gani. Mfugaji hakusubiri. Alipita duka la pembejeo jana, akachoma oksitetrasaiklini kwa kukisia, leo anakuita. Slaidi itatoka safi na ng'ombe bado hawezi kusimama.

MAJIBU

Fanya

Mjamzito akitoka na spiroketi, inuka umtafute daktari mwenyewe. Usiache karatasi kwenye trei. Damu yake mara nyingi huwa na bakteria wengi kuliko ya wengine, na mimba nyingi huharibika, na watoto wanaozaliwa nao hufa haraka.

Mkumbushe daktari amlaze mgonjwa baada ya dozi ya kwanza. Bakteria wakifa kwa pamoja, ndani ya saa chache joto hupanda, mwili hutetemeka, shinikizo la damu linaweza kuanguka. Ndugu watasema dawa imemuua. Aliyempa vidonge na kumrudisha nyumbani kwa bodaboda hatakuwepo kuwajibu.

Waite wote wanaolala nyumba ile. Mwenye homa apakwe slaidi leo. Asiye nayo aelezwe arudi saa joto litakapopanda, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili, na wa zamu aachiwe maagizo na rangi iliyochujwa.

Usifanye

Usiandike "homa isiyojulikana" kwenye rejista kama hukupaka slaidi. Andika "haikupimwa".